Tundu la pua lililopanda baada ya upasuaji: uchambuzi wa kisa kimoja, Nairobi

Kwa nini kisa hiki

Ukingo wa tundu la pua ukipanda juu baada ya upasuaji, wagonjwa wengi hufika kliniki wakiwa tayari wameambiwa kuwa dawa yake ni kujaza kidogo tu. Kabla ya kujaza chochote, daktari anatakiwa ajue kilichopungua ni nini: gegedu linaloshikilia ukingo, au ngozi inayoutanda kwa ndani. Operesheni nzima hutegemea jibu hilo, na kulipata kunahitaji kijiti cha pamba na dakika mbili za subira. Mgonjwa wa kisa hiki alipitia mikono miwili kabla ya mtu yeyote kumpima hivyo.

Umri kamili, kazi na tarehe zimeondolewa, na picha hazikuwekwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 taarifa za afya ni data nyeti, kwa hiyo mgonjwa alitia sahihi ridhaa ya kisa chake kutumika kufundishia, kando na ile ya kufanyiwa upasuaji.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ya thelathini, mkazi wa Nairobi. Hana kisukari wala shinikizo la damu. Miaka miwili na ushei kabla ya kuja alifanyiwa upasuaji wa pua nje ya nchi ili ncha ichongoke na matundu yapungue upana. Ripoti ya operesheni hiyo haikupatikana. Alikuwa na ukurasa mmoja wa ruhusa ya kutoka hospitali, usiosema lolote kuhusu gegedu lililokatwa.

Katika mwaka wa kwanza tundu la kulia lilianza kupanda polepole. Alizoea kukaa upande mmoja wa meza kwenye mikutano, na kwenye simu za video aligeuza uso. Pumzi nayo ilipungua: akivuta hewa kwa nguvu, bawa la kulia (ukuta wa pembeni wa tundu) lililala ndani. Hilo la pumzi hakulitaja mpaka alipoulizwa, maana alidhani ni mafua ya msimu wa baridi wa Julai.

Kati ya upasuaji wa kwanza na kuja kwake kulikuwa na tukio jingine. Kituo kimoja cha urembo kilimdunga fila (jeli ya kujaza) ya asidi ya hailuroniki kwenye ukingo wa kulia, kama robo ya mililita. Aliyemdunga hakuwa daktari. Ukingo ulishuka kidogo, akaridhika kwa miezi michache, kisha ukaanza kuonekana mnene huku ukiwa bado umepanda.

Katika kuandika historia, swali la sigara lilijibiwa "hapana" bila kusita. Muuguzi akaongeza, "Na shisha je, dada?" Mgonjwa akacheka. Ilikuwa kila wikendi. Swali hilo liulizwe kwa jina lake, pamoja na vepu, kwa sababu wengi hawavihesabu kama sigara, na nikotini inayobana mishipa midogo ya damu haijali imeingilia njia gani.

Uchunguzi

Ukimtazama mtu kwa upande, nguzo ya pua (ile sehemu inayotenganisha matundu mawili chini ya ncha) huonekana ikishuka chini ya ukingo kwa milimita 2 hadi 4. Ikizidi hapo, usikimbilie kusema ukingo umepanda, kwani huenda nguzo ndiyo iliyoning'inia. Njia ya kutofautisha inatokana na uainishaji wa Gunter na wenzake wa mwaka 1996: chora mstari kufuata urefu wa tundu kwenye picha ya upande, kisha pima kutoka mstari kwenda juu hadi ukingo, na kutoka mstari kwenda chini hadi nguzo. Kila upande unatakiwa uwe milimita 1 hadi 2.

Fila ikiwa bado imo, jumla ya upande wa kulia ilikuwa milimita 5. Baada ya fila kuyeyushwa, uamuzi unaoelezwa chini, ikawa 6: ukingo ulikuwa 4.5 juu ya mstari na nguzo 1.5 chini yake. Kushoto jumla ilikuwa 3.5, yaani 2 na 1.5. Nguzo haikuwa na tatizo. Kilichopanda ni ukingo wa kulia, na tofauti halisi kati ya pande mbili ni milimita 2.5. Fila ilikuwa imeficha milimita nzima.

Kisha kipimo cha kijiti. Mgonjwa akiwa amekaa, kijiti cha pamba kiliwekwa ndani ya tundu na kuusukuma ukingo taratibu kuelekea chini. Kushoto ulishuka kama milimita 3 bila kipingamizi. Kulia haukufika milimita moja. Ngozi ilififia kwa kukosa damu, na kijiti kilipoondolewa ukingo ukaruka juu palepale. Kwa mwanga wa kichwani ulionekana uzi wa kovu ndani ya tundu, umekazwa kutoka karibu na ncha hadi katikati ya bawa. Ngozi ya ndani ilikuwa fupi.

Ukipapasa kwa vidole viwili, gegedu la bawa la kulia lilikuwa utepe mwembamba mno. Katika upasuaji wa kwanza, sehemu ya juu ya gegedu hilo hukatwa ili ncha ichongoke, na inashauriwa kubakiza angalau milimita 6 hadi 8 za upana. Hapa zilionekana kubaki kama 3. Pengo lililoachwa hujaa kovu, kovu hujikunja, na ukingo ndio unaofuata kwa kuwa hauna kitu kigumu cha kuuzuia. Pua nyingi za huku zina ngozi nene juu ya gegedu laini, jambo linalomshawishi mpasuaji kukata zaidi ili umbo lionekane. Umbo hilo hupatikana zaidi kwa kuimarisha gegedu kuliko kwa kulipunguza.

Maamuzi kabla ya upasuaji

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuyeyusha fila kwa hailuronidesi, kimeng'enya kinachovunja asidi hiyo, na kusubiri wiki sita. Kabla ya sindano aliulizwa kama aliwahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Kusubiri kulikuwa na sababu mbili: kupata kipimo cha kweli, na kusafisha mahali ambapo kipandikizi (kipande kinachohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili) kingelazwa. Kipandikizi huishi kwa kugusana na nyama yenye damu, na tabaka la jeli katikati huvunja mgusano huo.

Wiki hizo sita zilitosha pia kwa shisha. Aliagizwa aache wiki nne kabla na wiki nne baada, akakubali.

Pili, njia ya kurekebisha. Ziliwekwa mezani tatu:

Kijiti cha gegedu kando ya ukingo. Hii ni rahisi na huchukua muda mfupi, nayo hufaa ukingo uliopanda kidogo ambao ngozi yake ya ndani ni laini na inashuka ukiisukuma. Kwa mgonjwa huyu isingefaa. Ukiingiza gegedu kwenye mfuko wa ngozi uliokazwa, ama ngozi hulisukuma juu, ama hulipinda mpaka lionekane kwa nje.

Kulishusha gegedu lote la bawa na kuliimarisha kwa ubao wa gegedu jingine chini yake. Hili hurejesha nguvu ya ukuta vizuri kuliko yote, lakini linahitaji gegedu refu lililonyooka. Gegedu la ukuta wa kati wa pua lilipopapaswa lilionekana limeshachukuliwa. Kilichobaki ni gegedu la ubavu, lenye saa za ziada za upasuaji, kovu la kifua, gegedu linaloweza kupinda baadaye, na hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Kwa tatizo la upande mmoja hilo lilikuwa zito mno, na bado lisingeleta ngozi.

Kipandikizi cha ngozi pamoja na gegedu lake kutoka bakuli la sikio. Hiki huleta vyote viwili vilivyopungua kwa mkupuo mmoja. Si jambo geni: König wa Ujerumani alieleza kuziba bawa la pua kwa kipande cha sikio mwaka 1902. Udhaifu wake ni kwamba kipande hakina mshipa wake wa damu, hivyo lazima kiwe chembamba, pasiwe na sehemu iliyo mbali na ukingo unaokilisha kwa zaidi ya takriban milimita 5.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa. Wazo la kuongeza kijiti cha gegedu kando ya ukingo papo hapo lilikataliwa, kwa sababu kingekuwa ukuta kati ya kipandikizi na damu.

Kuhusu keloidi (kovu linalovimba kupita mipaka ya jeraha), mgonjwa alitoboa masikio utotoni na pia juu ya sikio alipokuwa chuoni, yote yakapona bapa. Hiyo ni dalili njema kuliko jibu lolote la mdomo. Hata hivyo dada yake ana keloidi kifuani, na jambo hilo liliandikwa kwenye faili kwa wino mwekundu.

Operesheni

Alama zilichorwa akiwa amekaa, kabla ya dawa ya usingizi. Alipewa nusukaputi na antibiotiki ya sefazolini gramu 2 wakati wa kulala. Bomba la kupumulia lilifungwa katikati ya mdomo wa chini. Likivutiwa pembeni linapindisha mdomo wa juu, na hapo kila kipimo cha ukingo kitakudanganya.

Sikio lilichomwa sindano ya ganzi, lignokeini asilimia 1, yenye adrenalini 1:200,000 ya kubana mishipa ya damu. Puani, dawa yenye adrenalini iliwekwa mbali, kwenye neva ya chini ya jicho. Karibu na ukingo ilitumika lignokeini tupu, kidogo, ili nyama ya kukilisha kipandikizi isianze ikiwa imebanwa.

Mkato ulifanywa ndani ya tundu kwa wembe namba 15, milimita 3 kutoka ukingoni na sambamba nao. Kisha kovu liliachiliwa kwa mkasi mkali, kidogo kidogo, huku kidole kikiwa nje ya bawa kuhisi unene uliobaki. Hapa hapana haraka. Ukiacha uzi mmoja wa kovu upande wa ncha, ukingo utashuka nyuma na kubaki na kipindo mbele. Kazi iliendelea mpaka ukingo ukaning'inia wenyewe bila kuvutwa. Damu ilizuiwa kwa gozi baridi iliyobanwa dakika tano, na kifaa cha kuchoma mishipa kikatumika mahali pamoja tu. Damu ikiganda chini ya kipandikizi hukiinua, na kikishainuliwa hakiwezi kupona.

Ukingo wa kulia ulishikiliwa milimita 1.5 chini ya usawa wa kushoto, kwa kuwa kipandikizi hujikunja kinapopona. Pengo lililobaki lilichorwa kwa kukandamizia karatasi ya foili ya pakiti ya uzi, ikakatwa na kupata kiolezo cha milimita 15 kwa 5. Kipandikizi kilikatwa 16 kwa 6, na hivyo katikati yake pakawa milimita 3 tu kutoka ukingoni.

Kilitolewa sehemu ya juu ya bakuli la sikio la kushoto, kwa kuwa mkunjo wa sikio la upande wa pili ndio ulioendana na mkunjo wa bawa la kulia. Ngozi ya mbele na gegedu vilitoka pamoja bila kuachana. Ngozi ya nyuma ya sikio ikabaki. Jeraha la sikio lilifungwa kwa kuvuta kingo mbili zikutane.

Kipandikizi hakikushikwa kwa koleo katikati. Kilibebwa kwa ndoano ya ngozi pembeni, kikalazwa kwenye gozi yenye maji baridi ya chumvi, kikashonwa ndani ya dakika chache. Ncha mbili zilitangulia, halafu mishono tisa ya uzi 5-0 unaoyeyuka. Mwisho vikawekwa vipande viwili vya silikoni laini, kimoja ndani na kimoja nje ya bawa, vikishikwa na uzi wa nailoni 4-0 uliopita katikati yao.

Wiki ya kwanza

Kwa siku tatu gozi safi iliyolowekwa maji baridi yaliyochemshwa iliwekwa juu ya pua, ikibadilishwa kila inapopata joto. Barafu haikuruhusiwa kugusa ngozi. Alilala kichwa kikiwa juu, bila kulalia sikio. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari ya kurudi nyuma kabla ya operesheni, ili rasta zisining'inie kwenye jeraha. Bodaboda zilikatazwa wiki tatu: kofia inayofunika uso huparuza pua wakati wa kuivaa na wakati wa kuivua. Kwa maumivu alipewa parasetamoli, na aspirini na ibuprofeni zikazuiwa.

Rangi ya kipandikizi ina mpangilio wake. Siku ya kwanza hufifia, kwa sababu kinaishi kwa kunyonya majimaji tu. Kati ya siku ya pili na ya tatu mishipa midogo huanza kuungana, damu huingia kabla njia ya kutokea haijafunguka, na kipande hugeuka samawati iliyokolea. Kuelekea wiki moja huwa chekundu. Vitabu vingi huonyesha rangi hizi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya kahawia, "kufifia" ni kijivu, na samawati huonekana kama weusi. Ilinganishe na ngozi ya sikio lilikotoka, kwenye mwanga mweupe wa aina moja kila siku, na uguse kwa ncha ya kijiti uone kama rangi inarudi.

Siku ya tatu usiku ukaja ujumbe wenye picha iliyopigwa kwa flashi: "Daktari, imekuwa nyeusi. Imeoza?" Aliambiwa, "Pole. Usiiguse kabisa, njoo asubuhi tukuone." Picha ya simu haitoshi kuamulia jambo hili.

Asubuhi, katikati ya kipandikizi palikuwa samawati na rangi ilirudi palipoguswa. Upande wa mbele, eneo la upana wa milimita 2 lilikuwa jeusi kweli, na lilikuwa chini ya pembe ya silikoni barabara. Bawa lilikuwa limevimba, na uzi uliokaa vizuri mezani sasa ulikuwa umekaza. Ulikatwa, silikoni ya nje ikaondolewa, ya ndani ikaachwa imeegemea tu. Hakuna kilichokwanguliwa. Gamba jeusi mara nyingi ni ngozi ya juu peke yake, na ukilibandua unaondoa na tabaka lililo hai chini yake. Alipewa mupirosini, antibiotiki ya kupaka, mara tatu kwa siku.

Siku ya saba kipandikizi kilikuwa chekundu, isipokuwa ukanda ule wa mbele. Gamba lake lilianguka lenyewe wiki ya tatu, na chini yake palikuwa pamepona kwa kovu jembamba.

Matokeo

Miezi mitatu baadaye ukingo wa kulia ulikuwa nusu milimita chini ya wa kushoto. Kufikia mwezi wa kumi na mbili ulikuwa nusu milimita juu yake, na nguzo ilionekana milimita 4 upande huo. Kwa hiyo kati ya milimita 4 zilizopatikana mezani, 2 zilirudi. Bawa halilali tena akivuta pumzi kwa nguvu. Mbele, palipokuwa na ukanda mweusi, kuna kipindo kidogo kinachoonekana kwa chini tu.

Sikio lilileta usumbufu. Mwezi wa tatu kovu lilinenepa na kuwasha. Lilidungwa triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ya miligramu 10 kwa mililita mara mbili, wiki nne kati yake, likalala bapa. Dawa hiyo iliacha doa lililopauka ndani ya bakuli la sikio.

Uchambuzi

Kipimo cha kijiti ndicho kilichookoa kisa hiki. Kingefanywa kabla ya fila, fila isingedungwa, na si kwa ajili ya umbo tu. Upasuaji wa pua wa wazi, unaopitia mkato kwenye nguzo, hukata mishipa ya nguzo, na ncha hubaki ikitegemea mishipa ya pembeni. Fila ikiingia kwenye mshipa hapo, ncha inaweza kufa. Ikirudi nyuma hadi mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Pua iliyokwisha kupasuliwa si ya kudungwa saluni. Anayetaka kujua kama aliye mbele yake ni daktari aliyesajiliwa anaweza kutafuta jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya.

Kuyeyusha fila kwanza kulionekana kupoteza wiki sita. Bila wiki hizo kipandikizi kingekatwa kwa tofauti iliyopungua milimita moja, na kwa jinsi kilivyojikunja baadaye, ukingo ungerudi karibu nusu ya njia ulikotoka.

Silikoni ilikosewa kwa namna mbili: pembe zake hazikuviringwa, na uzi ulifungwa bila kuacha nafasi ya uvimbe wa siku ya pili na ya tatu. Kazi ya silikoni ni kukifanya kipandikizi kiguse nyama bila kukibana. Baada ya kufunga, ncha ya koleo jembamba ipite chini yake bila kusukumwa. Isipopita, fungua ufunge upya. Kipindo kilichobaki kimetokana na hapo, na huenda pia sehemu ya zile milimita 2 zilizorudi.

Kufunga sikio kwa kuvuta kingo kuliokoa kama dakika ishirini. Jeraha la upana wa milimita 6 kwenye bakuli la sikio hufungika, lakini kwa mvutano, na mvutano ndio unaochochea kovu kunenepa, hasa kwa mtu mwenye ndugu wa keloidi. Kiraka cha ngozi kutoka nyuma ya sikio kingeondoa mvutano. Kingeongeza kovu la pili, ila mahali ambapo ngozi ni legevu na panajificha. Wino mwekundu ulikuwa kwenye faili. Ulihitaji kubadilisha mpango wa sikio pia.

Kipindo cha mbele kinaweza kurekebishwa kwa kijiti kidogo cha gegedu kando ya ukingo, maana sasa ngozi ya ndani inatosha na ukingo unashuka ukisukumwa. Mgonjwa aliulizwa mwezi wa kumi na mbili, akasema hataki tena kuguswa pua.